Gharama za Ulinzi: Daftari Liko Wapi?

Kila unapokaribia mwezi wa Juni, zinaposomwa bajeti mbili, moja Dodoma na nyingine Chukwani, hurejea katika mabaraza ya Mji Mkongwe swali ambalo wakubwa hulijibu kwa tahadhari na vijana hulijibu kwa hasira. Ulinzi wa Jamhuri ya Muungano ni jambo la wote. Basi Zanzibar inachangia kiasi gani katika gharama zake? Kuna wenzetu wa Bara wasemao kwamba haichangii kitu, na kwamba Visiwa vinalindwa bure. Kuna wenzetu wa hapa wasemao kwamba Zanzibar imekwisha kulipa, tena kupita kiasi, kwa fedha zake zilizoingia Benki Kuu na kwa kodi zilizochukuliwa na Muungano. Wote husema kwa sauti ya uhakika, na hakuna hata upande mmoja uwezao kuweka mezani karatasi ya hesabu ambayo upande wa pili umeitia saini.

Maoni yetu ni kwamba Zanzibar inapaswa kulipa. Tunalisema hili mwanzoni ili msomaji asidhani tunamzungusha. Lakini ilipe kiasi kilichohesabiwa, kinachojulikana na kila mwananchi, na ambacho Zanzibar yenyewe imeshiriki kukikadiria. Hali ya sasa, ya kulipa bila kujua au kutolipa bila kujua, haimfai yeyote, na kwa mtazamo wetu inawadhuru Wazanzibari kuliko inavyowadhuru wengine.

Haifai kumlaumu Mzanzibari kwa kuwa mwepesi wa shaka anapoambiwa kwamba analindwa na kwamba sharti alipie. Historia yake imemfundisha. Mwaka 1890 Uingereza iliitia Zanzibar chini ya himaya yake. Wakati huo huo Wajerumani wakachukua moja kwa moja pwani ya Mrima na kumlipa Sultani mark milioni 4, ambazo zilikuwa sawa na pauni 200,000 hivi za Kiingereza. Mtu angetazamia kwamba fedha hizo zingejenga barabara za Unguja au zingesaidia mashamba ya Pemba. Mwaka 1895 zikatumika kuilipa Kampuni ya Imperial British East Africa ili irudishe pwani nyingine ya Sultani, ile iliyo Kenya hivi sasa, ambayo Kampuni ilikuwa imepewa kuitawala na ikashindwa. Kwa maneno mengine, Zanzibar iliikomboa ardhi yake kwa fedha zake. Ilipokwisha kuikomboa, ardhi hiyo ikawekwa chini ya utawala wa Waingereza wa Afrika Mashariki kwa kodi ya pauni 17,000 kwa mwaka. Na katika hizo, pauni 6,000 hazikuwa kodi, bali riba ya asilimia 3 ya zile pauni 200,000. Hesabu ya namna hii ikisomwa polepole humwacha msomaji akijiuliza nani hasa alikuwa akimhifadhi nani.

Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikaipigia mizinga Forodhani kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazamishwa, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti. Vitabu vya historia vinaeleza kwamba baada ya hapo Serikali ya Zanzibar ilitakiwa ilipie mizinga ile iliyopigwa. Hatujui nchi nyingi ambazo zimepelekewa hati ya madai ya baruti iliyowaua watu wake.

Na ulinzi wenyewe ulipohitajika, ulikuwaje? Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya vita ya Kijerumani Königsberg ilikuja alfajiri ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha pale pale. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yangali Chapwani, kwenye kisiwa ambacho watalii hupelekwa kuogelea.

Hatuyataji haya ili kufukua chuki. Tunayataja kwa sababu madai ya namna hii yalizikuta nchi nyingi, na kila mahali ugomvi ulianzia kwenye swali la nani mwenye haki ya kukadiria, hata pale ambapo kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Uingereza ilipotoka katika vita vya miaka saba na Wafaransa, iliyataka makoloni yake ya Marekani yachangie gharama za askari waliowekwa huko, ikapitisha mwaka 1765 sheria ya stempu. Mwaka uliofuata ililazimika kuifuta, kwa sababu wakoloni walikataa kutozwa na Bunge ambalo hawakuwa na mjumbe ndani yake. Ugomvi haukuishia hapo, kama kila mwanafunzi ajuavyo. Karibu na sisi, katika Bahari hii hii ya Hindi, wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria la Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, walijiuzulu kwa pamoja mwezi wa Novemba 1864, kwa sababu walitakiwa waidhinishe gharama za jeshi bila ya kuwa na uwezo wa kuzichunguza. Watu wale hawakuwa wanamapinduzi. Wengi walikuwa wafanyabiashara, nao walijua kwamba mtu hatii saini hati asiyoonyeshwa.

Zanzibar ya leo si koloni, wala hatutaki maneno hayo yatumike kwa pupa kama yanavyotumika katika baadhi ya mikutano ya hadhara. Hati za Muungano zilitiwa saini hapa Unguja tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, na nchi mbili zikaungana tarehe 26. Ulinzi ulikuwa miongoni mwa mambo 11 ya kwanza. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka ule, baada ya maasi ya Januari katika kambi ya Colito kuonyesha jinsi jeshi lililorithiwa kwa mkoloni lilivyoweza kuwa hatari kwa serikali yake yenyewe. Askari wa Zanzibar waliingizwa katika jeshi hilo. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, vijana wa Unguja na Pemba walikwenda pamoja na wenzao wa Bara, na baada ya Kampala kutekwa Aprili 1979 taifa zima lilitakiwa likaze mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Foleni za sukari na unga za wakati ule hazikuwa za Bara peke yake.

Kwa hiyo dai kwamba Visiwa havikuchangia ulinzi wa nchi hii ni dai la mtu asiyeijua nchi. Isipokuwa damu na dhiki haziandikwi katika vitabu vya Hazina, na hapo ndipo tulipokwama.

Waasisi waliandika ulinzi katika orodha. Hawakuandika mizani ya gharama zake. Labda waliona kwamba ndugu hawaandikiani. Au pengine mambo ya mwezi ule yalikwenda mbio mno. Ilichukua miaka 20, hadi marekebisho ya Katiba ya 1984, yaliyofuata misukosuko iliyomwondoa Mzee Aboud Jumbe katika uongozi, ndipo vifungu vya 133 na 134 vikaingia. Kifungu cha 133 kinasema iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo serikali mbili zitaweka michango yao kwa ajili ya Mambo ya Muungano. Cha 134 kinaunda Tume ya Pamoja ya Fedha, yenye wajumbe wasiozidi saba, ichambue mapato na matumizi yanayohusu Muungano na ipendekeze kila upande uchangie nini na upate nini. Maneno ni mazuri na yanaeleweka. Sheria ya kuitekeleza Tume hiyo ilitungwa mwaka 1996, na wajumbe wake wakateuliwa mwaka 2003. Mapendekezo yake yakafikishwa serikalini mwaka 2006. Msomaji ajumlishe mwenyewe: miaka 20 kuandika kifungu, 12 kutunga sheria, 7 kuteua wajumbe. Kero nyingi za Muungano zimetangazwa kumalizika tangu serikali mbili zilipoanza kukaa pamoja kuzizungumza, na tunashukuru kwa hilo. Lakini hii ya mgawanyo wa fedha imekuwa miongoni mwa zile zilizokaa mezani muda mrefu kuliko nyingine.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kukosa daftari, pande mbili zimeishi kwa makadirio ya muda. Linalojulikana zaidi ni lile la asilimia 4.5, ambalo Zanzibar imekuwa ikipewa katika gawio la Benki Kuu na katika misaada ya kibajeti itokayo nje. Lilikusudiwa kuwa la muda, likazeeka bila kustaafu. Wazanzibari hulalamika kwamba ni dogo, wakikumbusha hisa ya Zanzibar katika Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kabla ya kuundwa kwa Benki Kuu. Wenzetu wa Bara husema ni kubwa, kwa sababu sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar kati ya watu 61,741,120 wa Tanzania nzima, ambao ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Wakati watu wanabishana, misaada ya kibajeti yenyewe ilipungua sana baada ya 2014, wafadhili walipozuia fedha zao kwa sababu ya kashfa ya Escrow. Fungu la asilimia 4.5 la mfuko uliopungua ni fungu lililopungua, hata uligombee vipi.

Sasa tufike kwenye ulinzi wenyewe, maana hapa ndipo maneno mengi husemwa bila kufunguliwa vitabu. Anayetaka kukadiria mchango wa Zanzibar hukimbilia fungu la Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, akachukua asilimia yake, akatangaza deni. Jina la wizara hiyo peke yake lingetosha kumzuia. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Tanganyika Julai 1963, kabla ya Muungano. Linalima, linajenga, linafundisha vijana kazi za mikono. Zanzibar inayo Jeshi lake la Kujenga Uchumi, yaani JKU, linalofanya kazi za namna hiyo hiyo, na gharama zake zinabebwa na Serikali ya Mapinduzi. Yako mafungu ya JKT ambayo ni ya ulinzi wa nchi nzima, na yako ambayo ni ya maendeleo ya Bara. Bila kuyatenganisha, Mzanzibari atalipia jembe mara mbili.

Vivyo hivyo baharini. Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, KMKM, kinalipwa mishahara, mafuta ya boti na vyombo vyake na Hazina ya Zanzibar. Bahari inayolindwa na kikosi hicho ni mpaka wa Jamhuri ya Muungano, tena ni mlango ambao magendo, dawa za kulevya na wahamiaji wasio na vibali hupitia kwenda Bara. Maharamia wa Kisomali walipokuwa wakisumbua njia za meli mpaka pwani zetu, hawakuuliza maji haya ni ya serikali ipi. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, na Skagit Julai 2012, watu wa KMKM walikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta maiti na walio hai. Katika hesabu yoyote ya haki, sehemu ya gharama za kikosi hiki iandikwe upande wa mchango wa Zanzibar katika ulinzi wa Muungano. Hatusemi yote, maana kuzuia karafuu zisivushwe kwenda Mombasa ni shughuli ya Zanzibar yenyewe, lakini sehemu yake inastahili kuandikwa. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba wasemaji wetu, wanaojua kupandisha sauti juu ya Benki Kuu, hulisahau hili.

Na kwa kuwa tumewagusa wasemaji wetu, tuwaguse vizuri. Ushuru wa forodha na kodi ya mapato ni Mambo ya Muungano kwa mujibu wa Katiba. Hata hivyo, kinachokusanywa hapa na Mamlaka ya Mapato Tanzania kimekuwa kikibaki kutumika Zanzibar, pamoja na kile kinachokusanywa na chombo chetu wenyewe, kilichokuwa Bodi ya Mapato na sasa ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mtu hawezi kusimama mbele ya watu akasema kodi zetu zote zinachukuliwa na Muungano, huku akijua kwamba makusanyo ya bandarini Malindi yanarudi katika Hazina ya Serikali ya Mapinduzi. Upande wa pili nao ukiri yake. Mabenki na makampuni ya simu yanafanya biashara katika kila mtaa wa Unguja, lakini mengi yana makao makuu Dar es Salaam, na kodi ya faida yao huhesabiwa huko. Faida iliyopatikana Darajani huonekana vitabuni kama ya Samora. Mpaka kiasi hicho kijulikane, hakuna afisa wa Bara mwenye haki ya kusema kwamba Zanzibar haijalipa.

Kuna ugumu mwingine, nao ni mzito kuliko wa takwimu. Serikali ya Muungano ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia mambo ya Bara yasiyo ya Muungano. Mfuko ni mmoja. Anapolipwa mwalimu wa Singida na anapolipwa askari aliye mpakani Ruvuma, fedha hutoka katika Hazina moja, na anayetakiwa kutenganisha ni yule yule anayetumia. Tume ya Jaji Warioba ilijaribu kuukata mzizi huo. Rasimu yake ya pili, iliyotolewa Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu, orodha ya Mambo ya Muungano ipunguzwe hadi saba, ulinzi ukiwa mmojawapo, na ushuru wa bidhaa uwe chanzo kikuu cha mapato ya Muungano. Rais Kikwete alipolihutubia Bunge Maalumu la Katiba Machi 2014 alionya juu ya hatari ya serikali yenye jeshi lakini isiyo na chanzo cha uhakika cha fedha. Onyo lile lilikuwa na uzito. Askari asiyelipwa mshahara ni hatari popote duniani. Rasimu ikabadilishwa, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014 ikiwa na serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa. Kwa hiyo tumebaki na muundo wa zamani. Sawa. Lakini anayeutetea muundo wa serikali mbili ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuitekeleza Akaunti ya Pamoja, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyoandikwa katika Katiba ya kutenganisha fedha za Muungano na fedha za Bara bila ya kuongeza serikali.

Itasemwa kwamba mambo ya jeshi ni siri. Hatuombi kuonyeshwa idadi ya vifaru wala mahali vilipo. Jumla ya fungu la ulinzi husomwa Bungeni hadharani kila mwaka, na wabunge kutoka Zanzibar, wa majimbo pamoja na wale watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi, huipigia kura. Kama jumla si siri, hisa ya Zanzibar ndani yake haiwezi kuwa siri.

Itasemwa pia, na hili husemwa na wananchi wenzetu kwa nia njema, kwamba ni heri tunyamaze. Tukidai hesabu huenda tukaambiwa tunadaiwa. Huenda, na huenda tukakuta tunadai. Lakini fikiria tunavyoishi kwa kunyamaza. Kila Mbunge wa Zanzibar anaposimama Dodoma kuuliza juu ya jambo la ulinzi au la polisi, yupo wa kumnong'oneza jirani yake kwamba huyu naye halipi kitu. Machi 2017, lilipozuka suala la deni la umeme la Zanzibar kwa TANESCO, wengi waliona jinsi deni linavyoweza kugeuzwa kuwa kipimo cha heshima ya nchi. Lile angalau lilikuwa na mita. Deni la ulinzi halina mita, na kwa hiyo linaweza kukuzwa kwa ukubwa wowote anaoutaka msemaji wa siku hiyo.

Tunaloliomba linaweza kufanywa na Wizara mbili za Fedha na Tume ya Pamoja kwa watumishi waliopo. Fungu la ulinzi litenganishwe: la Muungano upande mmoja, la maendeleo ya Bara upande wa pili. Sehemu ya KMKM inayohudumia mpaka wa Muungano ithaminiwe na kuandikwa. Kodi ya faida ya makampuni ikadiriwe kwa biashara iliyofanyika kila upande, hata kama hesabu ya mwaka wa kwanza itakuwa na kasoro. Halafu mchango wa Zanzibar upangwe kwa uwezo wa uchumi wake, wala si kwa kuhesabu vichwa peke yake, maana mkulima wa karafuu wa Mkoani na mfanyabiashara wa Kariakoo hawana mfuko mmoja. Na uangaliwe upya kila baada ya miaka michache, usije ukazeeka kama ile asilimia 4.5.

Taarifa hiyo iwekwe siku moja mezani kwa Wawakilishi Chukwani na kwa Wabunge Dodoma, kwa Kiswahili, kabla ya kusomwa kwa bajeti ijayo, na nakala zake ziuzwe kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi wa Makunduchi ataimudu.